Mtambo Ukikataa: Hotuba juu ya Kutia Mfumo Mpya katika Kompyuta za Ofisi

(Maneno haya yalisemwa Kinyerezi, Dar es Salaam, mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu na maofisa wa vyama vya msingi, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu.)



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za maghala na za bei. Sisi wa idara ya hesabu na mitambo tumeagizwa tuseme habari ya kitu ambacho mkulima hakioni shambani mwake, lakini kikisimama malipo yake hukawia. Kitu hicho ni kompyuta za ofisi, na hasa taabu inayotokea zinapopelekewa mfumo mpya kwa njia ya mtandao, nazo zikaukataa.

Huenda mzee mmoja akauliza moyoni mwake, "Mimi na kompyuta tuna udugu gani?" Jawabu letu ni hili. Mkulima aletapo ufuta au korosho ghalani, uzito wa mali yake huandikwa katika stakabadhi. Tangu ilipotungwa Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, karatasi hiyo si karatasi tu, bali ni ushahidi wa mali. Jina lake, kilo zake, makato yake na namba ya akaunti yake ya benki hupita mezani pa karani, na siku hizi meza ya karani ni kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ina mfumo wake wa kusimamia vyama, uitwao MUVU, ambao nao huingiwa kwa kompyuta. Kwa hiyo mtambo wa ofisi ukilala wakati wa msimu, jasho la mkulima limelala pamoja nao.

Sababu ya kubadili mfumo

Kila kompyuta ina programu kubwa inayoziamuru programu nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Ofisi nyingi nchini zimekuwa zikitumia ule uitwao Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliyoutengeneza iliacha kuutolea masahihisho ya bure ya ulinzi kwa desturi ya kawaida, isipokuwa kwa wale walioingia katika mpango wa nyongeza. Kompyuta yenye mfumo huo haikuzimika siku hiyo. Iliendelea kuwaka kama kawaida, lakini ikawa kama ghala ambalo kufuli lake halitengenezwi tena, ilhali wezi wanaendelea kuchonga funguo. Ofisi yenye fedha na majina ya watu haiwezi kukaa hivyo muda mrefu.

Zamani fundi alikwenda kwenye kila mashine na diski yake mkononi, akakaa nayo mpaka ikamalizika. Kwa kompyuta mbili njia hiyo yafaa, lakini kwa ofisi yenye vyumba vingi ni kazi ya siku nyingi, na mwishowe kila mashine huwa na tabia yake. Ndiyo maana ofisi hutumia njia ya pili: nakala kuu moja huwekwa katika kompyuta mama, yaani seva, nayo huzipelekea mashine nyingine zote kwa waya wa mtandao. Njia hii ni nyepesi ikifaulu. Isipofaulu, hukatika vyumba vyote kwa pamoja, na ndipo makelele huanza.

Mfano wa bomba la gesi

Sisi wa Kinyerezi tuna mfano ulio karibu nasi. Mitambo ya umeme iliyopo hapa huchoma gesi, na gesi hiyo hutoka Madimba huko Mtwara, ikapita Somanga Fungu, hata ikafika kwetu kwa bomba refu lililokamilika mwaka 2015. Moto ukizimika hapa, hakuna mhandisi mwenye akili anayeanza kwa kuvunja mtambo. Huuliza kwanza: gesi imefika? Kama haikufika, imekomea wapi? Hufuata bomba, kituo kwa kituo.

Basi na mfumo upelekwao kwa mtandao una vituo vyake. Utaratibu wenyewe huitwa PXE, nao ulianzishwa na kampuni ya Intel katika miaka ya 1990. Vituo vyake ni hivi.

Kwanza, kompyuta huwaka ikiwa haina kitu kichwani, na kadi yake ya mtandao hupaza sauti: "Nani atanipa anwani?" Pili, karani wa anwani katika seva, ambaye mafundi humwita DHCP, huijibu kwa kuipa anwani, na kuijulisha jina la faili la kuanzia na mahali lilipo. Tatu, kompyuta huliomba faili hilo dogo, nalo huletwa na mjumbe aitwaye TFTP. Nne, faili hilo huleta mfumo mdogo wa muda, unaokaa katika kumbukumbu ya mashine tu, kama kambi ya wajenzi kabla ya nyumba. Tano, mfumo huo mdogo huivuta nakala kuu na kuiandika katika diski. Sita, mashine huwaka upya, ikapewa jina, ikaingizwa katika orodha ya ofisi, ikatiwa programu za kazi.

Neno letu kubwa leo ni hili, nasi twaomba lishikwe hata kama mengine yatasahauliwa: kasoro hutafutwa pale safari ilipokomea, wala si pale mtu anapodhani. Mashine iliyokomea kituo cha kwanza haina haja ya nakala kuu mpya. Na mashine iliyokomea kituo cha tano, waya wake umekwisha kushuhudia kwamba ni mzima.

Kusoma dalili

Mashine nyingi husema zenyewe zilipokomea, lakini wengi wetu huyapuuza maneno ya kioo kwa kuwa yameandikwa kwa herufi na tarakimu. Tutayataja machache.

Kioo kikiandika PXE-E61, mashine yasema haioni waya. Hapo hakuna elimu kubwa inayotakiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: na ainame kweli chini ya meza, atazame kama waya umechomoka, au umekatwa na panya, au tundu la swichi halina taa. Tumeona ofisi moja, ambayo haina haja kutajwa, ikinunua kadi mpya ya mtandao na baadaye kufikiria kununua kompyuta mpya, ilhali waya ulikuwa umebanwa na mguu wa kabati. Wanachama waliokuja kuulizia malipo yao waliambiwa kwa juma zima kwamba "mtandao hakuna".

Kikiandika PXE-E51, waya upo lakini hakuna aliyejibu ombi la anwani. Hapa sababu ni tatu aghalabu. Huenda karani wa anwani amelala katika seva. Huenda seva iko upande wa pili wa ruta, na wito wa kwanza wa mashine hauvuki ruta mpaka fundi aiagize ruta iupeleke mbele. Au huenda swichi yenyewe yachelewa. Swichi nyingi, kwa desturi ya kujilinda na mizunguko ya waya, hukaa kiasi cha sekunde 30 kabla ya kulifungua tundu ambalo mashine imewaka. Kompyuta isiyo na subira huita, hukosa jibu, hukata tamaa, na tundu hufunguka baada ya hapo. Dawa yake ni kuiagiza swichi ifungue mara moja matundu yale yanayoelekea meza za makarani peke yake.

Kikiandika PXE-E53, anwani imepatikana lakini jina la faili la kuanzia halikutajwa. Ni kama mkulima aliyeelekezwa kufika Kinyerezi bila kuambiwa mlango wa ghala. Hapo mtu asihangaike na waya, bali aangalie utumishi wa seva unaotaja faili. Na kikiandika PXE-E32, jina limejulikana lakini mjumbe hakufika. Huenda ukuta wa ulinzi katika seva umeifunga njia ya TFTP, ambayo ni mlango namba 69.

Kuna na taabu isiyo na namba iliyo wazi. Kompyuta za zamani huwaka kwa utaratibu wa BIOS, na za sasa kwa utaratibu wa UEFI, na kila moja hutaka faili lake la kuanzia. Ukiipa ya sasa faili la zamani, hulitazama na kuliacha. Kadhalika mashine yenye ulinzi wa kuwaka uitwao Secure Boot hulikataa faili lisilo na sahihi inayotambulikana. Wako mafundi ambao dawa yao ni kuuzima ulinzi huo na kuuacha hivyo. Sisi hatupendelei. Mlinzi akimzuia mgeni asiye na cheti, hapasi kufukuzwa kazi; yapasa mgeni aletewe cheti.

Ikiwa mfumo mdogo wa muda umewaka, nao hauioni seva au hauioni diski, aghalabu umekosa draiva, yaani kipande cha programu kinachoujulisha lugha ya kifaa kile. Kompyuta zilizonunuliwa mwaka mmoja zitakubali zote, na zile za mwaka unaofuata zitakataa zote, ingawa zinatumia waya ule ule. Mashine za aina moja zikikataa pamoja, tazameni draiva. Mashine za chumba kimoja zikikataa pamoja, hata kama ni za aina mbalimbali, tazameni swichi na waya. Na zikikataa zote za ofisi nzima, tazameni seva. Kanuni hii fupi imetuokolea siku nyingi.

Kuna pia mashine ambazo kukataa kwake si ugonjwa bali ni umri. Windows 11 hutaka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, kichakato kilichomo katika orodha iliyokubaliwa, na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mara nyingine TPM imo ndani ya mashine lakini imezimwa, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Lakini ikiwa haimo kabisa, fundi mwaminifu yampasa aseme hivyo, Bodi iamue, kuliko kutafuta uchochoro ambao kesho utafungwa. Vilevile njia moja ya zamani ya Microsoft ya kupeleka mfumo, iitwayo Windows Deployment Services, ilizuiwa isitumie faili la kuanzia lililomo katika diski za Windows 11. Fundi asiyejua hilo aweza kurudia kazi ile ile mchana kutwa, akidhani mkono wake ndio mbaya.

Tusisahau mambo madogo. Betri ndogo ndani ya kompyuta ikifa, saa ya mashine hurudi miaka nyuma, na seva hukataa kuiamini. Umeme ukikatika nakala ikiwa nusu, nusu hiyo haina faida, na kazi huanzwa upya. Kwa hiyo seva na swichi zikae juu ya betri ya akiba, wala kazi isianzwe wingu la mvua likiwa limetanda juu ya Pugu.

Jinsi ya kufanya kazi

Desturi tunazozipendekeza ni nne. Ya kwanza, kubadili kitu kimoja kwa mara moja. Fundi akibadili waya, na seva, na mpangilio wa mashine kwa pamoja, kisha ikakubali, hatajua ni kipi kilichoponya. Na juma lijalo ataanza tena gizani.

Ya pili, kubadilishana. Chukua mashine nzima uifunge katika waya unaoshukiwa, na mashine inayoshukiwa uifunge katika waya mzima. Dakika tano za kubadilishana hutoa hukumu ambayo mabishano ya asubuhi nzima hayatoi.

Ya tatu, kusoma daftari la mtambo. Windows inapojiandika katika diski huweka kumbukumbu ya kila hatua, na katika folda iitwayo Panther limo faili setuperr.log linaloandika makosa peke yake. Mtambo wenye daftari ni kama karani mwenye daftari: kabla ya kumlaumu, usome alichokiandika.

Ya nne, kujaribu mashine moja kwanza, kisha chumba kimoja, ndipo ofisi nzima. Wala jambo hili lisifanywe katika juma la mnada au la malipo.

Vitabu vya wanachama

Sasa twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Nakala kuu inapoandikwa katika diski, kwa kawaida hufuta kila kilichokuwamo. Mfumo waweza kutafutwa tena, na kompyuta yaweza kununuliwa tena, lakini orodha ya hisa za wanachama ikifutika, ni nani atakayemwapia mjane ya kwamba marehemu mumewe alikuwa na hisa kadha?

Katika kazi hii karani wetu mmoja, bibi wa makamo, alikataa kuondoka mezani pake siku ya zamu ya mashine yake. Fundi alimhakikishia ya kuwa vitabu vyote vimo katika seva. Yule bibi akasema, "Nionyeshe." Walipotazama, ilionekana orodha ya nyongeza za hisa za msimu uliopita ilikuwa katika mashine yake peke yake. Kazi ikasimamishwa, nakala ikatolewa, ikafunguliwa katika mashine nyingine, ikasomwa mbele yake jina kwa jina, ndipo akainuka. Twasema hivi mbele ya Mkutano huu ili ijulikane ya kuwa ulinzi wa Chama siku ile haukufanywa na mtambo wala na fundi, bali na mtu aliyeuliza.

Tangu siku ile twaifuata kanuni ya kwamba nakala ya akiba ambayo haijajaribiwa kufunguliwa si nakala, ni tumaini tu. Na neno la siri la seva lisiwe kichwani mwa mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja aweza kuugua, kusafiri au kuacha kazi siku ambayo ofisi nzima inamhitaji. Neno hilo liandikwe, litiwe katika bahasha yenye lakiri, likae ndani ya kasha la fedha, na lifunguliwe mbele ya watu wawili.

Tena, mashine zinazostaafishwa zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zikiwa na diski zenye majina na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetuwekea wajibu katika jambo hili, na hata kama isingekuwapo, adabu ya ushirika ingetosha.

Fundisho la zamani

Wako wanaosema, "Kompyuta zikisumbua, turudie vitabu vya karatasi tupate amani." Nchi yetu imekwisha kuijua njia hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhesabia fedha za Serikali kwa mtambo haikwenda kama ilivyotarajiwa, gharama ikawa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini kwa miaka ile vijana wengi walikosa kujifunza. Hatusemi waliokata shauri lile hawakuwa na sababu, maana fedha za umma zilikuwa zikipotea. Twasema tu ya kwamba kuufungia mtambo mlango si sawa na kuijua kasoro yake. Mlango ukifunguliwa tena, kasoro ile ile huwa imekaa kibarazani ikingoja.

Vitabu vya karatasi tuwe navyo, navyo twavyo. Stakabadhi ya mkulima ibaki mkononi mwake, na mizani iandikwe hata siku ambayo umeme haupo. Lakini viwe ngao, visiwe makimbilio.

Maswali matatu ya mwanachama

Bwana Mwenyekiti, si lazima kila mkulima ajue maana ya PXE. Lakini Chama ni mali yake, na mwenye mali hana budi kuuliza. Kwa hiyo twawapa wajumbe maswali matatu ya kuuliza kila waambiwapo ya kuwa mtambo umekataa.

La kwanza: Safari imekomea kituo gani, na kioo kimeandika nini? Anayejibu "mtandao mbovu tu" bado hajatazama.

La pili: Ni kitu gani kimebadilishwa tangu ulipokuwa ukifanya kazi, na kimeandikwa wapi? Kila mashine iwe na ukurasa wake, wenye tarehe, dalili, kilichofanywa na jina la aliyekifanya.

La tatu: Vitabu vyetu viko wapi sasa hivi, na ni nani aliyevifungua mara ya mwisho akavisoma?

Maswali haya hayahitaji cheti cha chuo. Yataka sauti ya mtu asiyeona haya kuuliza katika nyumba yake mwenyewe. Nasi wa idara ya mitambo twaahidi mbele yenu kuwa tutayajibu kwa maneno ambayo mkulima anayaelewa. Na karani yeyote akisema "Nionyeshe", hatutamwita mkorofi. Tutavuta kiti, tuketi, tumwonyeshe.

Twawatakia wanachama wote msimu mwema, mizani ya haki, na malipo yasiyokawia.